Tarishi wako aingie kambi ipi? NCR, Legion, House au ajitegemee kwenye Fallout: New Vegas

Mara ya kwanza kucheza Fallout: New Vegas niliingia NCR, ile jamhuri ya California, bila kufikiria hata dakika moja, maana wana bendera, wana sare, wana askari wanaokusalimia barabarani, na adui yao, Legion, anasulubisha watu, sa hapo ungeenda kwa nani. Nikamaliza, bwawa tukalishika, picha za mwisho zikapita, na mi nimekaa tu naangalia skrini sisikii kitu. Baadae ndo nikaelewa, niliyechagua nilikuwa mimi, tarishi wangu hakuchagua chochote, alikuwa mkono wa kushikia bunduki basi.

Mara ya pili nikachukua daftari kabla sijaanza, nikaandika nusu ukurasa kuhusu yule mtu. Jina nikampa Tabu, kazaliwa Arizona, kabila lake likamezwa na Legion akiwa mdogo, akatoroka, akafanya kazi kwenye misafara mpaka akawa tarishi. Nusu ukurasa tu. Lakini kuanzia hapo kila njia panda ilikuwa na uzito, na kuna misheni moja nilikaa nayo siku mbili bila kuigusa kwa sababu nilijua kabisa Tabu angefanya nini na mi sikutaka afanye.

Kwa hiyo hii ni kwa mtu ambaye amekwama pale pale, ana mhusika, anataka amchezee kwa haki, na hajui ampeleke kambi gani. Humu kuna siri za hadithi mpaka mwisho, kama hujacheza na unapenda kushangaa mwenyewe basi ishia hapa urudi ukishamaliza.

Kwa kifupi kwa aliyesahau: gemu ni ya studio ya Obsidian, ilitoka Oktoba 2010, ndani yake ni mwaka 2281, miaka 204 tangu mabomu ya nyuklia ya Oktoba 2077. Uko jangwa la Mojave kule Nevada, wewe ni tarishi umebeba kifurushi, jamaa wa suti ya drafti anaitwa Benny anakupiga risasi ya kichwa makaburini Goodsprings na kuondoka na mzigo. Unapona. Ukifuatilia mzigo wako unakuta kila mkubwa wa eneo lile anautaka, na wote wanajiandaa kupigania bwawa la Hoover ambalo ndo umeme na maji. Ulikuwa nani kabla ya ile risasi gemu haikwambii, isipokuwa kidogo kwenye nyongeza ya Lonesome Road, na hiyo nafasi tupu ndo zawadi kubwa waliyotupa.

Tunapima kwa nini

Mi napima kila kambi kwa vitu vitano na nitavirudia kwa kila mmoja. Kwanza, wanataka nini hasa, tukiacha wanachosema kwenye mabango. Pili, kazi chafu watakayokutuma, na hiki kwangu ndo kizito kuliko vyote, kwa sababu kila kambi hapa ina siku moja ambayo itakuambia nenda kawamalize hawa, na pale ndo utajua mhusika wako ni nani. Tatu, wenza wako wa safari watasemaje, maana umetembea nao jangwani hawa watu. Nne, mwisho unaoacha nyuma. Tano, inamfaa mtu aliyetoka wapi.

Zawadi za silaha na vizibo, ambavyo ndo pesa ya humu, sijaziweka. Vizibo utavipata popote.

NCR

Jamhuri ya New California, ilianzia kijiji cha Shady Sands na sa hivi ni nchi kamili, ina rais anaitwa Kimball, ina seneti, ina mahakama, ina kodi. Wanachotaka ni bwawa na Mojave yote iwe jimbo lao. Wengi wao wanaamini kwa moyo kwamba wanaleta sheria mahali ambapo hakuna sheria, na ukipita Primm utaona ukweli na mapungufu yake kwa pamoja, mji umetekwa na wafungwa waliotoroka gereza la NCR wenyewe, na askari wa NCR wako kambini upande wa pili wa barabara hawawezi kuingia kwa sababu ni wachache. Unausafisha mji wewe. Afu wanakuja kuuliza nani awe sherifu, na ukiwapa NCR ulinzi unakuja na kodi inakuja. Kwa mhusika aliyekulia mji mdogo ambao kila wiki unavamiwa, kodi ni bei ndogo. Kwa aliyekulia kwenye familia iliyonyang'anywa malisho na matajiri wa ng'ombe wa vichwa viwili kule California, hiyo kodi ni kofi.

Kazi chafu ya hapa inakuja kwa mdomo wa Kanali Moore pale bwawani. Anataka Great Khans, kabila la wavamizi, washughulikiwe, anataka Brotherhood of Steel, kundi linalolinda teknolojia ya zamani, wafe ndani ya handaki lao Hidden Valley, na mwisho Mr. House lazima afe. Uzuri wa NCR ni kwamba kwa Khans na Brotherhood kuna njia ya maneno, ukiwa umewasaidia Brotherhood na unajua kuongea unaweza kuleta mapatano badala ya maiti, Moore hatafurahi ila itapita. Kwa House hakuna njia ya maneno.

Lakini kitu ambacho mi naona ndo roho ya NCR hakipo kwa Moore, kipo Camp Golf. Pale kuna mzee mmoja, Chief Hanlon, mkuu wa Ranger, kikosi maalumu cha NCR, ndo aliyeongoza Ranger kwenye vita ya kwanza ya bwawa mwaka 2277 walipowavuta Legion mpaka Boulder City na kuulipua mji juu yao. Shujaa kabisa. Na ukifuatilia taarifa za redio za Ranger utagundua zinapotoshwa makusudi na anayezipotosha ni yeye, kwa sababu amechoka kuona vijana wanakufa kwa ajili ya bwawa la watu wengine, anataka jeshi likate tamaa lirudi nyumbani. Sa hapo tarishi wako anafanyaje? Anamripoti? Ananyamaza? Mhusika wa NCR ambaye hajawahi kukaa na lile swali bado hujamjua. Mi kwa yule wa kwanza nilimripoti mbio mbio nikachukua pointi zangu, na mpaka leo najuta kwamba sikusimama hata kidogo.

Wenza: Boone alikuwa mdunguaji wao na atafurahi ukipiga Legion, ila Boone huyo huyo alikuwepo Bitter Springs siku NCR walipofyatulia risasi Khans pamoja na wazee na watoto, kwa hiyo ukimsikiliza vizuri hata yeye sio wa kushangilia bendera. Cass anaipenda nchi yake kwa namna mtu anavyompenda ndugu mlevi, anaisema kila siku na haachi. Veronica, ambaye ni wa Brotherhood, atakaa ukiwaokoa. Arcade, daktari, angependa Vegas ijitawale lakini NCR kwake si mwisho wa dunia.

Mwisho wake: barabara zinakuwa salama zaidi, miji mingi inaingizwa kwenye jamhuri ikitaka isitake, kodi inapanda, na mabwanyenye wa California wanapata umeme wao. Inamfaa mhusika mwenye familia au shamba, askari mstaafu, mwalimu, mtu ambaye ameona ukosefu wa serikali na anajua ni mbaya kuliko serikali mbovu. Haimfai mtu aliyepoteza ndugu Bitter Springs, labda uwe unaandika hadithi ya msamaha, na hiyo ni nzuri sana ukiiweza.

Caesar's Legion

Hapa niseme jambo kabla. Hawa wanafanya watu watumwa. Wanawake kwao ni mali, maadui wanatundikwa misalabani, na gemu haifichi. Kucheza nao hakukufanyi mtu mbaya, na kukataa kucheza nao hakukufanyi mchezaji dhaifu. Nimewaweka kwa sababu ulinganisho bila wao ni uongo, na kwa sababu mhusika wangu aliyeniumiza zaidi alipita kwao.

Wanachotaka: Caesar jina lake halisi ni Edward Sallow, alikuwa wa Followers of the Apocalypse, wale wasomi na madaktari wanaosaidia maskini. Akaenda Arizona, akatekwa na kabila, akawafundisha vita ili asife nao, akajenga jeshi kwa mfano wa Roma ya vitabuni, na mpaka sasa ameshayameza makabila 86. Arizona, New Mexico, vipande vya Colorado na Utah. Anaamini NCR ni nchi iliyooza kwa ubinafsi na kwamba ikigongana na Legion kitazaliwa kitu cha tatu kilicho bora kuliko zote mbili, na Vegas ndo itakuwa Roma yake. Kaa umsikilize pale Fort, kambi yake kuu, amesoma huyu mtu, na ndo maana anatisha.

Jambo dogo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tunalipata bure: watu wa Legion wanalitamka jina lake karibu kabisa na Kaisari yetu, kwa Kilatini cha kale, wakati NCR wanalitamka Kiingereza. Na misheni yao kubwa jina lake linatoka kwenye ule mstari wa mpeni Kaisari yaliyo ya Kaisari. Ukiwa unamwigiza mhusika wako kichwani, amua anamwitaje. Tabu alikuwa anasema Kaisari bila kujijua kwa sababu alikulia huko, na kila alipolitamka mbele ya askari wa NCR niliwaza wangemtazamaje.

Kazi chafu: nyingi. Ukifika Nipton unamkuta Vulpes Inculta amevaa kichwa cha mnyama katikati ya moshi, wameendesha bahati nasibu, mshindi kaachiwa, wa pili kavunjwa miguu, waliobaki ni utumwa, kukatwa vichwa au msalaba. Na anakuambia nenda kawasimulie wengine. Huko mbele Caesar atataka umuue House, uvunje Brotherhood, na mwisho umuue Rais Kimball akihutubia pale bwawani. Katikati kuna ile ya uvimbe kwenye ubongo wake, mtu aliyepiga marufuku dawa za kisasa kwa watu wake wote kumbe hemani kwake ana mashine ya tiba na anataka uitengeneze imtibu yeye. Ndo misheni niliyokaa nayo siku mbili. Mhusika mwenye ujuzi wa tiba anaweza kumponya, anaweza kumuua pale pale kwa kisu cha upasuaji, na yule anayeamini Legion kwa dhati lazima ajiulize kiongozi wake ni nani.

Wenza: Boone hatakaa. Mkewe Carla aliuzwa utumwani kwa hawa hawa, hapo hakuna mazungumzo. Arcade hatakaa kwa hiari, na kuna njia ya kumkabidhi kwa Caesar awe daktari wake, ambayo kwangu ni moja ya mambo mabaya kabisa unayoweza kumfanyia mwenzako kwenye gemu yoyote. Raul ni tofauti, ameishi miaka mingi sana na anakumbuka Arizona ya majambazi kabla ya Legion, atakuambia bila kuwapenda kwamba barabara zilitulia. Mfanyabiashara Dale Barton pale Fort naye anasema hivo hivo, kwenye ardhi ya Legion mzigo wako haukwapuliwi. Hiyo ndo hoja yao yenye nguvu na gemu imeificha midomoni mwa watu wachache sana, ukitaka kuwatendea haki itafute.

Mhusika wa kike anaweza kufanya kazi na Legion mpaka mwisho, ila askari watamtupia maneno na uwanja wa mapigano pale Fort hautamruhusu apigane. Kuigiza hilo kunahitaji sababu nzito sana iandikwe mapema, la sivyo haitaaminika hata kwako mwenyewe.

Mwisho wake ni utulivu wa hofu, na kama Caesar kafa njiani basi Lanius, jemadari wake, ndo anashika na hapo hata falsafa inaondoka, inabaki damu. Inamfaa nani? Mtu wa kabila lililomezwa ambaye hajui maisha mengine, mfanyabiashara aliyeporwa mara nyingi mpaka moyo ukawa jiwe, mtu anayechukia NCR kuliko anavyopenda chochote. Au jasusi, mhusika anayeingia ili amfikie Caesar, na hiyo mi naiona ndo hadithi bora ya Legion kuliko zote.

Mr. House

Robert House alikuwa tajiri wa maroboti kabla ya vita. Alipiga hesabu akaona vita inakuja, akajiandaa, na siku ya mabomu vichwa 77 vya nyuklia vilielekezwa Las Vegas, akavizima 59 kwa kutuma misimbo, vingine 9 akavidungua kwa mionzi juu ya paa la kasino yake Lucky 38, na mji wenyewe haukupigwa. Ile chipu uliyokuwa umeibeba ingemsaidia kufanya zaidi ila ilichelewa kufika. Ndo maana Vegas ipo. Mtu amekaa kwenye mashine zaidi ya miaka mia mbili akisubiri kifurushi chako, yaani mteja wako mkubwa ni yeye, na kwa tarishi mwenye heshima ya kazi hiyo peke yake ni sababu ya kutosha. Mzigo ulipangwa umfikie, mwizi akaupora, mi naufikisha. Nilicheza hivo mara ya tatu na ilikuwa safi sana, mhusika hana siasa, ana neno lake.

Anachotaka: Vegas huru chini yake peke yake, NCR waje kama watalii waache pesa kasino, na hizo pesa zimrudishe binadamu angani, anasema ndani ya miaka 50 watu wawe wanaruka kwenda kwenye obiti na ndani ya 100 meli ziondoke kutafuta sayari nyingine. Hakuna mwingine Mojave anayefikiria hata miaka kumi mbele. Lakini toka nje ya geti la Strip, mtaa wa kasino, uangalie Freeside. Watu wanaishi kwenye magofu, na ili uingie Strip kihalali maroboti yanataka uonyeshe vizibo 2000. House haoni Freeside. Sio kwamba anawachukia, hawapo kwenye hesabu yake.

Kazi chafu yake ni moja na hana mjadala nayo: Brotherhood of Steel wote wafe. Hakuna mapatano, utamwambia kila kitu na atakataa. Veronica ukimtembeza naye, ambaye watu wa lile handaki ndo familia iliyomlea, umempoteza. Kazi zake nyingine ni za kawaida, hata anataka umlinde Kimball asiuawe, kwa sababu rais akifa pale NCR hawataondoka, na anakulipa vizuri, anakupa na chumba cha juu Lucky 38.

Wenza wengine hawamchukii sana wala kumpenda, Arcade ndo atanung'unika, kwa mtu wa Followers dikteta aliye kwenye skrini ni dikteta tu.

Mwisho: Strip inang'aa, maroboti yanashika amri, wasiofuata wanaondolewa bila huruma, na maskini wanabaki walipo. Inamfaa fundi, mcheza kamari, mtu wa biashara, mhusika mwenye akili nyingi na subira ndogo na watu, na yule tarishi wa neno lake niliyemsema. Haimfai aliyekulia Freeside. Labda kama anataka kutoka Freeside kwa gharama yoyote, na huyo ni mtu wa kweli kabisa, wapo wengi.

Yes Man, yaani ujitegemee

Benny alimgeuza roboti mmoja wa House awe anakubali kila kitu, ndo Yes Man huyo. Ukimalizana na Benny, yule roboti anakukubalia wewe. Wanataka nini? Unachotaka wewe. Kazi chafu? Unayojituma mwenyewe, zaidi ya House ambaye lazima umuondoe, umuue au umkate kwenye mtandao wake abaki hai bila nguvu. Brotherhood, Khans, Boomers (kundi jingine la Mojave), yote unaamua, unaweza kuwaacha salama wote.

Na hapo ndo ugumu wa kuigiza ulipo, kwa sababu hakuna anayekusukuma. Kwenye kambi nyingine mhusika wako anapimwa na amri ya mtu, hapa anaweza kuteleza katikati ya kila kitu bila kubanwa, wenza wote wametulia, hakuna aliyekasirika, na unamaliza bila kujua aliamini nini. Watu wengi wanaikimbilia kwa kuwa inaonekana safi. Sio safi. Ukifika mwisho picha zitakuonyesha vurugu za mitaani baada ya NCR kuondoka, Followers wakizidiwa na majeruhi, hasa kama jeshi la maroboti la House kule chini ya Fort uliliharibu badala ya kuliboresha. Uhuru wa Vegas una majeruhi wake na aliyewasababisha ni wewe, hakuna Moore wa kumlaumu.

Arcade ataipenda hii kuliko zote. Boone haimsumbui alimradi Legion wamepigwa. Inamfaa mhusika aliyetendwa na kila serikali, mtoto wa Freeside anayetaka mji uwe wa waliomo, na pia, upande wa pili kabisa, mhusika mwenye tamaa ya kutawala ambaye hajakubali kuwa chini ya mtu. Kama ni huyu wa pili mwache awe hivyo, mchezee tamaa yake mpaka mwisho, akimrusha Jenerali Oliver wa NCR kutoka juu ya bwawa basi amrushe.

Ukiwa bado umekwama

Kama hujui kabisa mhusika wako ni nani, usianze na hizi nne, anza na vidogo. Goodsprings kuna ugomvi wa Ringo na genge la Joe Cobb, amua pale. HELIOS One unaulizwa umeme uende wapi, kwa jeshi na Strip, kwa maskini wa Freeside na Westside, kwa wote sawa, au kwenye silaha. Jibu lake pale linakuambia karibu kila kitu: aliyepeleka umeme kwa jeshi ana NCR ndani yake, aliyewapa maskini anaelekea kujitegemea, aliyewasha silaha mwangalie vizuri.

Kama mhusika wako ni wa imani au wa tiba, NCR ukiwa karibu na Followers, au kujitegemea ukiwa na Arcade pembeni.

Kama anapenda watu wa Brotherhood au unatembea na Veronica, House na Legion vifute mapema, usije ukajidanganya kwamba utapata njia.

Kama amebeba kisasi cha Bitter Springs, jitegemee, au nenda Legion kwa muda uone kama kisasi kinamtosha. Khans wenyewe utawakuta wameshaanza kuongea na Legion, na unaweza kuwatoa huko, ambayo kwa mhusika wa namna hiyo ni hadithi nzima peke yake.

Kama ni mtu wa mkataba na neno lake, House.

Kama unacheza kwa mara ya kwanza na umeshaua Legion njia nzima toka Nipton usidhani mlango umefungwa, baada ya mambo ya Benny pale Strip Vulpes, au mjumbe mwingine kama ulishamuua, atakufuata akupe alama ya Caesar na msamaha wa yaliyopita, NCR nao watakualika ubalozini kwa Crocker. Nenda kote. Mwache mhusika wako asikie Caesar akiongea, asikie House, asikie Crocker, kabla hajakubali kazi ya mtu. Tabu alikwenda Fort akiwa na nia ya kuua, akakuta anaijua njia ya kutoka mtoni mpaka hemani kwa kumbukumbu ya mtoto, nikazima laptop nikaenda kulala.

Kuna hatua ambayo gemu yenyewe itakutahadharisha kwamba ukiendelea NCR au Legion hawatakusamehe tena, pale tengeneza sevu ya pembeni uipe jina la mhusika. Na kama una zile nyongeza nne zimalize kabla ya vita ya bwawa, maana ukishapigana gemu imeisha, hakuna kurudi kutembea Mojave kuangalia ulichokiacha. Honest Hearts hasa usiikose kama mhusika wako ana historia yoyote na Legion, kule Zion utamkuta Joshua Graham, aliyekuwa mkono wa kulia wa Caesar mpaka alipochomwa moto akatupwa Grand Canyon kwa kushindwa vita ya 2277, na bado yuko hai, amefungwa bandeji mwili mzima, anasoma maandiko. Peleka tarishi wako kule kabla hajaamua. Tabu aliamua akiwa njiani kurudi.